Rangi za Nyaya Kisimani Kwetu

Sijui kama ninastahili kuandika habari za umeme. Shule niliishia darasa la nne, na waya wa kwanza kuushika mkononi niliushika nikiwa tayari ni mama wa watoto. Lakini nilikuwepo. Nilishika tochi, nilishika ncha za nyaya kwa vidole vyangu mwenyewe, na mpaka leo nikikumbuka siku zile naitazama barabara kama vile lori bado liko njiani linakuja. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mungaa, kijiji kipya cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama viti vya mkutano. Kila ukoo ulikuwa umetoka kwenye mji wake wa zamani. Wapo waliokuja kwa hiari na wapo waliokuja kwa kuona lori limesimama mlangoni; sitaki kuwasemea hawa wala wale. Tuliahidiwa shule, zahanati na maji. Shule ilikuja. Zahanati ilikuja, tena ikaletewa jenereta, ikajengewa kibanda chake cha bati. Maji yalikuja nusu. Mashine ya kuchimba visima ilipita, ikatoboa shimo refu jembamba, wachimbaji wakatuhakikishia kwamba chini kuna maji mengi, wakalifunika kwa kifuniko cha chuma, wakaenda zao. Tukabaki na maji ambayo hatuyaoni. Watoto walikuwa wakilala kifudifudi na kubandika sikio kwenye kifuniko, na kila mmoja alisema anayasikia.

Kiangazi kilikuwa kinakaribia. Kila kiangazi, tangu nimeolewa, mama mkwe wangu alihama na ng'ombe kwenda kwenye korongo la mchanga, mbali, ambako ukifukua unapata maji kidogo kidogo. Alihitaji watu wa kuchunga na wa kufukua, na wafukuaji ni watoto, kwa sababu shimo la mchangani ni jembamba na mtoto ndiye anayeweza kuingia. Mwaka ule alikuwa amekwisha kusema kwamba atakwenda na wanangu wawili wakubwa, msichana na mvulana. Mvua zikinyesha atawarudisha.

Mimi mwenyewe shule iliniishia huko huko mchangani. Nilikwenda kufukua maji kiangazi kimoja, niliporudi wenzangu walikuwa mbele, nikaona haya kukaa na wadogo, basi. Simlaumu aliyenipeleka. Ng'ombe wasiponywa wanakufa, na sisi tulikula kutoka kwao. Ila sikutaka wanangu waende.

"Wewe unataka nini hasa?" mama mkwe aliniuliza siku moja tukipeta uwele. "Unataka ng'ombe wanywe madaftari?"

"Nataka maji yatoke hapa, mama."

"Hata mimi nataka. Haya, yatoe."

Ndipo zikaja habari za pampu. Watu wa maji wa mkoa walikuwa na pampu moja mpya kutoka ng'ambo, na mashimo mawili ya kuiweka: letu na la kijiji kingine upande wa Iramba. Utaratibu walioutoa ulikuwa wa haki, naukubali mpaka leo. Pampu itashushwa kwetu kwanza kwa sababu jenereta tunayo, na ya wenzetu bado ilikuwa njiani. Siku ya mnada wa ng'ombe lori litapita tena. Likikuta maji yanatoka, pampu ni yetu. Likikuta hayatoki, inapakiwa na kupelekwa kwa wenzetu, ambao walikuwa na kiu kama yetu na watoto kama wetu. Sisi tulitakiwa kuchimba mtaro kutoka kibanda cha jenereta hadi kisimani, na kununua waya wa kuzika humo.

Mama mkwe akasema sawa, atasubiri mnada. Asubuhi ya siku hiyo anafunga mizigo kwenye punda.

Kijijini alikuwepo mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya mgodi wa wazungu, zamani za mkoloni. Jenereta ya zahanati alikuwa akiiwasha yeye. Alikuwa mpole, mwenye kuipenda kazi yake, na alikuwa na maneno aliyoyakariri mgodini: nyekundu ina moto, nyeusi inarudi, kijani inashuka ardhini. Aliwafundisha hata watoto, wakawa wanayaimba wakiruka kamba. Nami nilikuwa kwenye kamati ya maji, kwa sababu walisema nasoma vizuri. Hivyo ndivyo nilivyopata kwenda na mzee mjini Singida kununua waya.

Mwenye duka alikuwa Mhindu aliyezaliwa pale pale Singida, mtu wa maneno machache. Alibingirisha ngoma kubwa ya mbao iliyozungushiwa waya kutoka stoo, ikasimama mbele yetu. Akachuna ncha kwa kisu, tukaona ndani nyaya nne: nyekundu, njano, bluu na nyeusi.

"Mzee, chukua huu wote," alisema. "Wa rangi hizi ndio wa mwisho."

"Wa mwisho kwa nini?"

"Huko unakotengenezwa wamebadilisha. Mwekundu hakuna tena. Tazama." Alishusha pasi mpya kutoka rafuni, akatuonyesha ncha ya kamba yake. Waya mmoja wa kahawia, mmoja wa bluu, na wa tatu una mistari ya kijani na njano.

Mzee aliitazama ile kamba kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta jamaa yake kwenye umati. "Sasa mweusi amekwenda wapi?"

"Amestaafu. Bluu amechukua kazi yake."

"Bluu anarudi? Kwetu bluu ana moto, sawa na mwekundu na njano."

"Ndiyo maana nakwambia chukua wa zamani, mzee. Utalala usingizi."

Mzee alicheka, tukaununua. Lakini mimi, njia nzima ya kurudi, nimekaa juu ya ile ngoma ya waya kwenye gari la watu, sikuacha kuiwaza ile kamba ya pasi. Sikuwa nimejua kwamba rangi hizo ni makubaliano tu. Nilifikiri moto wenyewe ni mwekundu na waya unachukua rangi kutoka kwa moto. Kumbe watu fulani, mahali fulani, walikaa kikao wakaamua, na wengine wakakaa kikao kingine wakaamua vingine. Nilifurahi sana, sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu na sisi tulikuwa watu wa vikao wakati ule, kila jioni kikao, na nilianza kuona kwamba vikao kweli vinabadilisha vitu.

Mtaro tulichimba wanaume na wanawake. Lori likaja na pampu, na pamoja nayo kijana fundi aliyetoka chuoni karibuni. Alimwamkia mzee shikamoo kwa kuinamisha kichwa, mzee akaitikia marahaba, wakaanza vizuri. Pampu yenyewe ilikuwa nyembamba kama mwanzi, mota na yote ndani ya mwili mmoja wa chuma. Ilishushwa shimoni kwa kamba na bomba, kijiji kizima tumeshika, tukiambiwa taratibu, taratibu. Ilipofika chini tukapiga vigelegele, ingawa hakuna kilichokuwa kimefanyika bado. Juu ya shimo ikabaki ncha ya waya wake, na pembeni ncha ya waya wetu kutoka dukani. Kazi iliyobaki ilikuwa kuziunganisha.

Kesho yake kijana fundi akashikwa na malaria. Alilala zahanati akitetemeka chini ya mablanketi, anaongea na watu wasiokuwepo. Tulimsubiri. Mnada ukasogea mpaka ukawa ni kesho. Hapo mzee akasema ataunganisha yeye, na nani angemkataza? Alikuwa fundi kabla kijana hajazaliwa.

Watu walizunguka kisima. Mzee aliuchuna waya wa pampu kwa kisu, akazitandaza ncha zake juu ya mfuko wa gunia: kahawia, nyeusi, bluu, na ile ya mistari ya kijani na njano. Upande wa pili akatandaza zetu: nyekundu, njano, bluu, nyeusi.

"Wanne na wanne," mtu alisema nyuma yangu, na tukafurahi kana kwamba ni dalili njema.

Bluu kwa bluu, nyeusi kwa nyeusi, hayo hayakuhitaji neno. Wa kahawia mzee aliuchunguza, kisha akatuuliza sisi tunaonaje, na sisi sote wafugaji tukajibu mara moja kwamba huo ni mwekundu. Ng'ombe wa rangi ile hakuna anayemwita vingine. Akabaki wa mistari.

Hapa nataka niwe mwangalifu, maana baadaye kila mtu alisema mwingine ndiye aliyesema. Nilivyosikia mimi, mzee alisita. Alisema, "Huu una kijani. Kijani ni wa ardhini." Akaugeuza. Kisha akasema, "Lakini una njano pia, na kwa upande wetu aliyebaki bila mwenzake ni wa njano." Akauinua juu ili tuuone.

Sasa kwetu nyumbani ng'ombe wa rangi mbili tulikuwa tunamtaja kwa rangi ya mgongo. Tumbo liwe jeupe, miguu iwe myeupe, mgongo ukiwa mweusi yule ni mweusi. Watu wakaanza kubishana mgongo wa waya uko wapi. Walioona ubavu huu walisema ni kijani. Walioona ubavu ule walisema ni njano. Mzee aliuzungusha vidoleni taratibu, sote tumekodoa macho, na mwishoni wengi wakakubaliana kwamba mgongoni ni njano. Nami nilikuwa mmoja wa hao wengi. Tukaona mambo yamekaa sawa kabisa, kila mmoja na mwenzake, hakuna aliyebaki peke yake. Mzee akazisokota ncha kwa plaizi, akazifunga kwa utepe mweusi, akaenda kibandani kuwasha.

Jenereta ilinguruma. Ng'ombe mmoja wa jirani alikuwa amesogea na kuweka pua kwenye bomba la kisima, kwa sababu lilikuwa na ubaridi. Aliruka na miguu yote minne, akapiga kelele ambayo sijaisikia kwa ng'ombe mwingine, akakimbia na mkia juu mpaka kwenye mashamba. Papo hapo jenereta ikalemewa, ikakoroma, na fyuzi ikakatika. Bombani hakikutoka kitu.

Mzee alirudi anatembea pole pole. Hakuna aliyemcheka, nasema hivyo kwa sababu watu wanaweza kudhani tulimcheka. Alisema tu, "Mtu yeyote asiguse chuma."

Kumbe kijana alikuwa ameisikia jenereta kutoka kitandani. Tulimwona anakuja kutoka zahanati, blanketi mabegani, miguu inayumba. Alipiga magoti kwenye gunia, akaitazama kazi.

"Mzee wangu," alisema, "huu wa mistari ndio wa ardhini. Umeupa moto. Bomba lote lilikuwa na moto."

"Wa ardhini ni kijani."

"Ndiyo, zamani. Sasa ni kijani na njano pamoja, duniani kote wanakwenda huko."

"Basi njano wa pampu yuko wapi? Nina mioto mitatu huku. Huko nikitoa huu wako wa ardhini wanabaki watatu, na mmoja wao mweusi. Mweusi hana moto, mweusi anarudi. Nitampeleka wapi moto wa tatu, mfukoni?"

Kijana aliziangalia nyaya tena. Hapa nampenda sana kijana yule, maana angeweza kudanganya na tusingejua. Alisema, "Chuoni walituonyesha mpya za kamba ndogo, za pasi na redio. Kahawia, bluu na mistari. Mweusi hawakutuonyesha. Nadhani kwenye pampu hii wote watatu wana moto. Nadhani. Sina hakika."

"Unadhani," alisema mzee, si kwa dharau, ni kama anaipima.

Karatasi iliyokuja na pampu tuliileta. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ambayo si Kiswahili wala Kiingereza. Tuliirudisha.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pembeni juu ya mtungi uliolala. Sasa akacheka.

"Nyie ni wafugaji wa wapi?" alisema. "Mmekalia rangi, rangi. Jioni ndama mia wamechanganyika zizini, nani kati yenu anamjua mama wa ndama kwa rangi? Mweupe anazaa mwekundu, mwekundu anazaa madoa. Si mnawafungulia tu, kila mmoja anakwenda kwa mamake?"

"Mama, waya hauendi popote," alisema kijana.

"Basi mimi nimesema ya ng'ombe. Ya waya yenu."

Watu walicheka. Lakini mzee hakucheka, na kijana naye aliacha kucheka katikati, wakatazamana. Nani alisema kwanza, hilo sijui. Nimejiuliza miaka mingi. Nakumbuka mzee akisema "tochi" na kijana akisema "balbu", na inawezekana yalitoka pamoja. Niliambiwa nikimbie nyumbani nilete tochi yetu, na nilikimbia kama msichana, kanga ikanifunguka njiani nikaifunga huku nakimbia.

Waliitoa balbu na mawe ya tochi, wakafunga kipande cha waya huku na huku, kikabaki na ncha mbili. Kijana, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa homa, alinipa mimi ncha moja. Mzee akashika nyingine. Kwanza wakafungua kila kilichofungwa, nyaya nne za pampu zikabaki peke yake.

"Ndani ya mota nyaya zenye kazi zinajuana," kijana alitueleza. "Zimeungana huko chini. Ukigusa mbili zinazojuana, taa itawaka. Wa ardhini hajuani na mtu, ameshika mwili wa chuma tu."

Niligusa kahawia, mzee akagusa bluu. Taa ikawaka. Ilikuwa mchana, mwanga wenyewe hafifu, ikabidi watu wainamie na kukinga jua kwa viganja, lakini iliwaka. Mzee akahamia mweusi. Mimi nilijisikia kama ninayemshika mtu mapigo ya moyo. Taa ikawaka vile vile.

Mzee alikaa chini. "Mweusi," alisema. "Na wewe una moto."

"Mjaribu wa mistari," alisema kijana.

Tukajaribu wa mistari na kahawia, na bluu, na mweusi. Taa haikuwaka hata mara moja. Watatu walikuwa ndugu na wa nne alikuwa peke yake, na rangi zao hazikutuambia hivyo, tuliwauliza wenyewe. Sijui kuieleza furaha ile. Nilikuwa na umri wa mtu mzima, nimekaa vumbini mbele ya kijiji, na nilitamani mwalimu wangu wa darasa la nne apite.

Kijana alikuwa sahihi kuhusu wa mistari na sahihi katika kudhani kwake. Mzee alikuwa sahihi kwamba mtu asidhani akiwa na tochi. Niliwaambia hivyo wote wawili, na kila mmoja alisema ni kweli kwa upande wa mwenzake.

Kwa wakati huo jua lilikuwa limeelemea magharibi. Waliunganisha upya: watatu wa pampu kwa mwekundu, njano na bluu wetu, kufuata walivyolala kwenye gunia. Mweusi wetu wa zamani ulikatwa na kufungwa utepe, hauna kazi. Wa mistari ulifungwa kwenye ganda la chuma lililouzunguka waya wetu wa mtaroni, ambalo lilikuwa limelala ardhini njia nzima. Fyuzi mpya ilikuwepo moja tu kibandani, na kijana akasema tusiwashe jioni ile, nguvu zimemwishia na anataka kuwa na akili akiwasha. Mzee akakubali. Mimi sikulala vizuri. Niliwasikia punda wakifungwa karibu na mlango.

Asubuhi ya mnada wanangu walikuwa wamevaa nguo za safari, sio sare. Mizigo ilikuwa juu ya punda: ngozi za kulalia, vibuyu, jembe fupi la kufukulia. Mama mkwe alisema tutapita kisimani kwanza, tuone, kisha waendelee. Alitimiza ahadi yake ya kusubiri. Siwezi kusema alinionea.

Mzee aliwasha. Jenereta haikulemewa. Kutoka shimoni ikaja sauti laini, ya kuzunguka, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba kitu kinazunguka huko chini. Tulingoja. Bomba lilikohoa. Likatoka tope, likaacha, kisha ukatoka mchirizi mwembamba, unaoning'inia kwenye mdomo wa bomba bila nguvu hata ya kuruka. Mtoto angeweza kuuziba kwa kidole. Kikombe kimoja kilichukua muda mrefu kujaa.

"Ndiyo hayo?" aliuliza mama mkwe.

Nilimwonyesha kikombe. Na hapo ndipo tukaliona vumbi la lori, mbali, upande wa barabara ya mjini.

Mama mkwe akamshika punda kamba. Binti yangu alinitazama. Nilitaka kusema ngoja, lakini nilikuwa nimekwisha kusema ngoja mara nyingi mno, na mchirizi ule usingenywesha hata ndama.

Mzee alikuwa ameinama juu ya bomba na sikio lake. Aliinuka anatabasamu, nikadhani amechanganyikiwa.

"Inazunguka kinyume," alisema.

"Kinyume?" niliuliza.

"Mioto mitatu ni kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja. Wa kwanza anapiga, wa pili, wa tatu. Mota inazifuata zamu zao. Ukiwabadilisha wawili mahali, zamu inakwenda upande mwingine. Sasa hivi pampu inayasukuma maji chini na inayapandisha kwa bahati tu."

"Wawili gani?" niliuliza.

"Wowote," alisema kijana. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mti kando ya kisima, anatokwa jasho, na hilo lilikuwa jasho zuri, homa inamwacha. "Badilisha wowote wawili, mzee. Hata mimi ningesema hivyo."

"Ungesema lini, kesho?" alisema mzee, na walikuwa wanacheka wote wawili huku jenereta inazimwa na plaizi inatafutwa. Lori lilikuwa limefika nyumba za mwanzo. Mzee alifungua utepe, akabadilisha mweusi na bluu, mikono haina haraka hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Nilimshikia nyaya, nikajikuta nasema kwa sauti, kama watoto wanavyoimba, lakini kwa mpangilio mwingine kabisa: kahawia ana moto, bluu ana moto, mweusi ana moto, mistari inashuka ardhini.

Niliifanya kazi ya kutunza pampu ile miaka mingi baadaye, na nimeziona rangi zikipishana: kamba za zamani za mwekundu na mweusi zikiisha moja moja, za kahawia na bluu zikija na redio, na feni, na friji ya zahanati. Mafundi vijana walikuwa wakiniuliza kwa nini nagusisha balbu kwanza wakati rangi zinaonekana. Niliendelea kugusisha. Labda ni woga tu.

Dereva alisimamisha lori karibu na kisima, akashuka na karatasi ya kupakia mkononi, amekuja na vijana wa kunyanyua. Alimwamkia mzee, akawaamkia wazee wote, kisha akasema, kwa huruma kweli, "Basi, ndugu zangu, tuitoe."

Mzee alimpungia mkono mwenzetu wa kamati aliyekuwa akingoja mlangoni mwa kibanda. Jenereta ikawaka.

Bomba halikukohoa safari hii. Lilitoa pumzi ndefu, na maji yakatoka kwa mkupuo mmoja mnene, yakavuka mfereji tuliouchimba wa kuyapokea, yakamlowesha dereva kuanzia kifuani mpaka viatuni. Kwanza yalikuwa mekundu kwa udongo, halafu ya maziwa, halafu yakawa maji. Watu walikimbia kwenye bomba na chochote walichokuwa nacho, sufuria, kofia, viganja. Kijana fundi alikuwa amesimama katikati na blanketi lake limelowa, analia au anacheka, sikuweza kutofautisha. Dereva alijifuta uso kwa ile karatasi. Alisema wale wa Iramba watasikitika, na mimi nikasema kweli, watasikitika, nikawaonea huruma, na huruma ile haikunipunguzia furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama mkwe alichota kwa kibuyu, akanywa. Akaonja tena kama anayekagua pombe ya jirani.

"Yana harufu ya chuma," alisema.

"Itaisha, mama."

"Nimesema yana harufu. Sijasema mabaya." Akanywa mpaka kibuyu kikaisha. Kisha akamgeukia binti yangu aliyekuwa bado amemshikilia punda. "Wewe umesimama hapo na mzigo unangoja nini? Mshushie punda hiyo ngozi, nenda ukavae sare. Kengele imeshagongwa, au huko shule mnaingia mnapotaka?"